Ardhi Iliyo Chini ya Kwato: Farasi na Makasri ya Mashambani katika Picha za Rangi za Maji za Uingereza

Mtu anayekutana kwa mara ya kwanza na picha za rangi za maji zilizochorwa Uingereza kati ya mwaka 1750 na 1850 huona mambo yale yale yakijirudia: kasri la mawe juu ya mteremko wa nyasi, ziwa lenye kingo laini, kulungu wanaolisha kivulini, na mbele ya yote hayo mabwana na mabibi waliopanda farasi wenye ngozi inayong'aa. Picha ni tulivu, rangi zake ni za upole, na mtazamaji huona haraka kwamba ameshazielewa. Mimi nimezitazama kwa miaka mingi, na kadiri nilivyozitazama ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba zinahitaji kusomwa kama mtu anavyosoma hatimiliki ya kiwanja. Zilizaliwa kutokana na kazi ya kupima ardhi, zikalipiwa na wenye ardhi, na farasi ndani yake ni kipimo cha ukubwa wa ardhi hiyo. Mwenye kuona farasi na nyumba tu, bila kuona udongo ulio chini yake, ameona nusu ya picha.

Ushahidi wa kwanza ni maisha ya Paul Sandby, aliyezaliwa Nottingham mwaka 1731, ambaye Waingereza wamezoea kumwita baba wa uchoraji wao wa rangi za maji. Sandby alianzia jeshini. Baada ya majeshi ya serikali kuwashinda waasi wa Uskoti kwenye uwanja wa Culloden mwaka 1746, wakuu wa jeshi walijikuta wakiitawala nchi ya milima ambayo hawakuwa na ramani yake ya kuaminika. Upimaji wa kijeshi ukaanza mwaka uliofuata, na Sandby, akiwa bado kijana, akaajiriwa kuwa mchoraji wake mkuu. Katika ramani hizo kila rangi ya maji ilikuwa na maana iliyokubaliwa: nyekundu kwa majengo, kijani kwa misitu, bluu iliyokaribia kijani kwa mito na maziwa, manjano kwa ardhi iliyolimwa, na kahawia hafifu kwa nyika. Mkono uliokuja kuchora bustani za wafalme ulijifunza hivyo, kwa kuuliza kila kipande cha nchi ni cha aina gani, kinaanzia wapi na kinaishia wapi.

Kutoka ramani hizo hadi bustani za kifalme haikuwa safari ndefu. Mwanamfalme aliyeongoza jeshi la Culloden, Mtawala wa Cumberland, ndiye pia aliyekuwa msimamizi wa hifadhi kubwa ya Windsor, na kaka yake Sandby, Thomas, alikuwa mchoraji katika utumishi wake kabla ya kupewa unaibu wa usimamizi wa hifadhi hiyo. Paul akamfuata huko, akachora Windsor mwaka baada ya mwaka: mialoni mizee, ngome kwa mbali, ziwa la Virginia Water ambalo Cumberland alilichimbisha, magari ya farasi, askari, wapita njia na saisi waliowashika farasi hatamu. Ukizipanga picha hizo pamoja utaona kwamba jicho la mpimaji halikuondoka. Barabara inafuatwa hadi inapopotea, miti imewekwa mahali pake hasa, na mtu anayepafahamu Windsor anaweza kusema mchoraji alisimama wapi.

Kwa nini kazi hii ilifanywa kwa rangi za maji, ilhali rangi za mafuta ndizo zilizokuwa na heshima kubwa zaidi? Jibu liko katika namna rangi yenyewe inavyofanya kazi. Rangi ya maji ni unga wa rangi uliosagwa na kuchanganywa na gundi ya mgunga, ile ile inayogemwa Sudan na kuuzwa dunia nzima hadi leo. Maji yakikauka, gundi huushikilia unga kwenye karatasi katika tabaka jembamba sana, kiasi kwamba mwanga hupenya, hugonga weupe wa karatasi na kurudi machoni mwa mtazamaji. Ndiyo maana picha hizi huonekana kama zina asubuhi ndani yake. Tabaka moja hukauka kwa dakika chache, wakati mafuta huchukua siku nyingi, na vifaa vyote hutosha kwenye mkoba mmoja unaoweza kufungwa nyuma ya tandiko la farasi. Mwaka 1781 Chama cha Sanaa cha London kiliwatunuku akina Reeves, watengenezaji wa rangi, kwa kubuni vipande vikavu vya rangi vinavyolainika mara tu brashi yenye maji inapovigusa. Tangu hapo mchoraji hakulazimika tena kusaga unga mwenyewe. Karatasi nayo ilikuwa imeboreka, kwa kuwa James Whatman wa Kent alikuwa ameanza kutengeneza aina isiyo na mistari ya waya, iliyokuwa laini na imara, inayostahimili kuloweshwa na kusuguliwa.

Lakini rangi hii ina masharti magumu, na hapo ndipo farasi anapomjaribu mchoraji. Anayetumia mafuta hufika kwenye mng'aro wa ngozi mwishoni, kwa kuongeza nyeupe juu ya rangi nyeusi. Anayetumia maji lazima aamue mng'aro huo utakaa wapi kabla hajachovya brashi, kwa sababu nyeupe yake ni karatasi ambayo hataigusa. Mfupa wa bega, msuli wa paja, ukingo wa shingo unaopigwa na jua, vyote huachwa vitupu huku rangi ikitembezwa kuvizunguka, na akikosea, akiba yake ni kulowesha na kunyonya kwa sifongo, au kukwangua karatasi kwa kisu. Anayefanikiwa lazima awe anamjua farasi kwa ndani. George Stubbs, aliyefanya kazi zake maarufu kwa mafuta, alikaa miezi 18 katika kijiji cha Horkstow huko Lincolnshire akipasua mizoga ya farasi na kuchora misuli yao tabaka kwa tabaka, na kitabu chake cha mwaka 1766 juu ya maungo ya farasi kiliwapa wenzake msingi wa kutegemea.

Farasi mwenyewe naye alikuwa amebadilika. Mwaka 1704 mfanyabiashara Thomas Darley alimtuma nyumbani kwao Yorkshire farasi dume wa Kiarabu aliyemnunua Aleppo, na huyo, pamoja na madume wengine wawili walioletwa kutoka nchi za Mashariki, ndio mababa ambao farasi wote wa mbio wa uzao safi wa Kiingereza huhesabiwa kutoka kwao. Uzao huo ulikuwa na ngozi nyembamba, nywele fupi na mishipa inayoonekana, na kwa hiyo ulishika mwanga namna ambayo farasi mzito wa kukokota jembe hakuweza. Wenye mali walitaka damu hiyo ionekane kwenye picha. Mara nyingi jina la farasi na la mwenye farasi huandikwa chini ya picha, na la saisi aliyelala bandani karibu naye usiku kucha halitajwi.

Sasa tuifikie ardhi. Kati ya mwaka 1604 na 1914 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kuzungushia ua ardhi zilizokuwa zikitumiwa kwa pamoja, na jumla yake ilikuwa ekari milioni 6.8, sehemu kubwa ya sheria hizo ilipitishwa katika nusu ya pili ya karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, yaani wakati ule ule picha hizi zilipokuwa zikichorwa. Mwanakijiji aliyekuwa na haki ya kulisha ng'ombe mmoja au kuokota kuni nyikani aliamka na kukuta ua wa miiba. Huko Leicestershire mashamba mengi yaligeuzwa malisho ya nyasi, na nyasi hizo ndizo zilizobadili uwindaji wa mbweha. Hugo Meynell, aliyeongoza kundi la mbwa la Quorn tangu mwaka 1753, alizalisha mbwa wenye kasi, na nyuma yao wapanda farasi walilazimika kwenda shoti na kuruka zile nyua mpya badala ya kutembea polepole kama walivyofanya babu zao.

Kwa hiyo yule farasi anayeruka ua wa miti, ambaye tunamwona katika kazi za Samuel Howitt na kisha katika mamia ya picha zilizochapwa za Henry Alken, anaruka mpaka uliowekwa na sheria, mara nyingi ndani ya uhai wa watazamaji wa kwanza wa picha hiyo. Mwindaji aliruhusiwa kuvuka mipaka ya shamba baada ya shamba, wakati mkulima mdogo aliadhibiwa kwa kuuvuka mmoja tu akimfuata sungura. Thomas Rowlandson, shemeji yake Howitt, aliliona hilo kwa jicho la mcheshi mwenye huruma: katika michoro yake ya kalamu ya wino na rangi nyepesi, mabwana wanene huanguka matopeni, farasi hukataa kuruka, na watu wa kijijini husimama kando wakitazama. Huenda hakuna mchoraji mwingine wa enzi hiyo aliyewapa watazamaji wa kando nyuso zilizo hai kiasi hicho.

Hata hivyo, kama ningetakiwa kuchagua kitu kimoja cha kumfafanulia mtu uhusiano wa rangi za maji na milki ya ardhi, nisingechagua picha yenye farasi. Ningechagua vitabu vya Humphry Repton. Huyu alikuwa mtengenezaji wa bustani, aliyejitangaza katika kazi hiyo mwaka 1788, miaka mitano baada ya kifo cha Lancelot Brown, bingwa aliyekuwa ameyapa makasri ya Uingereza yale maziwa na miteremko tunayoiona pichani. Brown aliandaa ramani. Repton aliandaa kitabu kwa kila mteja, mara nyingi kikiwa na jalada la ngozi nyekundu, na ndani yake aliweka picha za rangi za maji zenye kipande cha karatasi kinachofunuliwa kama kifuniko. Kabla ya kufunua, mwenye nyumba aliona ardhi yake ilivyo: ua uliokatiza mandhari, barabara karibu na madirisha, shamba la mtu mwingine kwenye upeo wa macho. Akifunua, aliona ardhi ile ile ikiwa imesafishwa, miti imekua, barabara imehamishwa, maji yametanda, na magari na wapanda farasi wakipita pale palipokuwa na jalala.

Ujuzi wa mbinu hii ni wa ajabu, kwa sababu vipande viwili lazima vilingane hadi kwenye ukingo wa wingu. Lakini uzito wake uko kwenye kile kinachoondolewa. Repton mwenyewe, tofauti na wengi waliomwajiri, hakulificha jambo hilo. Katika kitabu chake cha mwisho, kilichotoka mwaka 1816, alichapisha mandhari ya nyumba yake ndogo huko Essex. Kifuniko kikiwa chini tunaona barabara ya kijiji, duka la nyama lenye mapande yaliyotundikwa, bata bukini, na mwombaji mlemavu aliyesimama kwenye uzio wa bustani. Kikifunuliwa, bustani imesogea mbele hadi barabarani, mawaridi yamelifunika duka, na mwombaji hayupo. Repton aliyejeruhiwa mgongo katika ajali ya gari la farasi mwaka 1811 na kumaliza maisha yake akisukumwa kwenye kiti, alikuwa na uwezo wa kumwona mtu huyo kwa ukaribu. Kila ninapoikumbuka picha hiyo hujiuliza, mbele ya kila bustani nzuri iliyopakwa rangi za maji, kifuniko chake kiko wapi na nani alikuwa chini yake.

Wakati mwingine jibu liko mbali sana na Uingereza. Kasri la Harewood huko Yorkshire lilijengwa kati ya mwaka 1759 na 1771 kwa ajili ya ukoo wa Lascelles, likazungukwa na bustani ya Brown. Mwaka 1797 J. M. W. Turner, mchoraji wa mandhari aliyekuwa na miaka 22, alialikwa kulichora kutoka pande mbalimbali, na Thomas Girtin, rafiki na mshindani wake wa umri ule ule, alilichora pia mwanzoni mwa karne iliyofuata. Ni kazi za hali ya juu, zenye anga pana na jua la jioni juu ya mawe. Utajiri ulioyanunua mawe hayo ulitoka katika biashara ya sukari na mashamba ya watumwa katika visiwa vya Karibi, Barbados na Jamaica zikiwemo, na utumwa ulipofutwa katika makoloni ya Uingereza, mwenye Harewood wa wakati huo alilipwa na serikali fidia ya zaidi ya pauni 26,000 kwa kuachiliwa kwa watu zaidi ya 1,200. Waliokuwa watumwa hawakulipwa kitu. Hakuna hata mmoja wao anayeonekana katika mandhari ya Turner na Girtin, na hakuna sababu ya kudhani kwamba wachoraji hao vijana waliagizwa wafikirie jambo hilo.

Turner si rahisi kumweka upande mmoja. Rafiki yake mkubwa na mlinzi wake, Walter Fawkes wa Farnley Hall, pia huko Yorkshire, alikuwa mwenye ardhi na mwindaji, na alikuwa pia mpinzani wa biashara ya watumwa. Turner alikaa kwake mara kwa mara kuanzia mwaka 1808 hadi 1824, akachora vyumba, malango, ngazi, ndege waliowindwa, na mbuga ambako wageni walikwenda na bunduki. Mtoto wa Fawkes ndiye aliyetuachia ushahidi wa namna alivyofanya kazi. Asubuhi moja ya mwaka 1818, kati ya kifungua kinywa na chakula cha mchana, alimtazama Turner akimwaga rangi ya majimaji hadi karatasi ikalowa kabisa, kisha akaichana, akaikwangua na kuisugua kama mtu aliyeshikwa na wazimu, na taratibu meli ya kivita ikajitokeza kutoka katika machafuko hayo. Hakuna mchoro wa ramani uliowahi kufanywa hivyo. Fawkes alipofariki mwaka 1825, Turner hakurudi tena Farnley.

Miaka miwili baadaye alikuwa Petworth, huko Sussex, kwa Lord Egremont, ambaye farasi wake walishinda mbio mashuhuri za Derby huko Epsom mara tano. Mtu angetarajia Turner achore mazizi. Badala yake alichukua vipande vidogo vya karatasi ya bluu na rangi nzito iliyochanganywa na nyeupe, akachora zaidi ya 100 kati yake akiwa ndani na nje ya nyumba: wageni wakicheza muziki, mwanamke akitengeneza nywele, kitanda kisichotandikwa, chumba cha wasanii chenye mwanga wa dirisha moja. Kwangu mimi hizi ndizo picha za kweli kuliko zote zilizochorwa katika nyumba za aina hiyo, kwa kuwa kasri limeacha kutangaza mipaka yake na limekuwa mahali ambapo watu wanaishi.

Ukweli wa aina hiyo ulifikiwa pia na watu ambao hawakulipwa. Kujua rangi za maji kulikuwa sehemu ya malezi ya mabinti wa tabaka hilo, na walimu wa kuchora walizunguka kutoka kasri hadi kasri. Diana Sperling, aliyeishi Dynes Hall huko Essex, alijaza madaftari yake kati ya mwaka 1812 na 1823 na maisha ya ndugu zake: wanapanda punda, wanaanguka kutoka kwenye farasi, wanatembea usiku kwenye matope kwenda dansini, wanabandika karatasi za ukutani kwa mikono yao. Farasi wake hawana misuli ya Stubbs, lakini wana tabia, na mtu aliyewahi kutupwa chini na mnyama atamwamini.

Wataalamu nao walikuwa wakipigania heshima. Chuo cha Kifalme cha Sanaa, kilichoanzishwa mwaka 1768 huku Sandby akiwa miongoni mwa waanzilishi, kiliziweka picha za maji mahali ambapo zilimezwa na picha za mafuta. Novemba 1804 kundi la wachoraji likaunda chama chao, katibu wake wa kwanza akiwa Robert Hills, mchoraji wa ng'ombe na kulungu, na maonyesho yao ya mwaka 1805 yalivutia watu zaidi ya 11,000 waliolipa kiingilio. Ushindani na mafuta uliwasukuma kwenye picha kubwa na fremu za dhahabu, na kuanzia mwaka 1834, nyeupe mpya ya zinki iliyouzwa na Winsor & Newton iliwaruhusu kupaka mng'aro badala ya kuuacha. Frederick Tayler, aliyekuwa rais wa chama hicho kuanzia mwaka 1858, alijulikana kwa mabibi wa karne iliyopita wakienda kuwinda na vipanga mkononi. Ni kazi za mkono stadi, ingawa ardhi ndani yake imekuwa jukwaa tu.

Kisha ikaja kamera. Kwa vizazi vingi farasi anayekwenda shoti alichorwa na miguu yote minne imenyooshwa hewani, miwili mbele na miwili nyuma. Mwaka 1878 Eadweard Muybridge, Mwingereza aliyefanya kazi California, alipanga kamera kandokando ya njia ya mbio na kuonyesha kwamba farasi huwa hewani kwato zake zinapokusanyika chini ya tumbo. Wachoraji wengine walinakili miguu hiyo iliyokunjwa na farasi wao wakaganda, kwa sababu jicho la mtu halimwoni farasi hivyo.

Aliyelitatua tatizo hilo kwa namna inayonitosheleza ni Lionel Edwards, aliyeishi kuanzia mwaka 1878 hadi 1966, na ambaye aliwinda na makundi mengi sana ya mbwa nchini kote. Katika picha zake za maji wapanda farasi huwa wadogo, wametawanyika katika mvua au ukungu wa Januari, na mwendo wao hutokana na matope, upepo na mteremko kuliko miguu yenyewe. Alitaka kila mwindaji aweze kutambua bonde, kichaka na mnara wa kanisa. Hapo tunarudi, baada ya karibu miaka 200, kwa Sandby, yule kijana aliyechora ramani za Uskoti kwa rangi yake ya kahawia kwa nyika. Kuwinda mbweha kwa kundi la mbwa kumepigwa marufuku Uingereza na Wales kwa sheria ya mwaka 2004, na nchi aliyoipima Edwards kwa macho sasa imekatwa na barabara kuu.

Picha zenyewe nazo zinabadilika. Ripoti ya wanasayansi William Russell na William Abney ya mwaka 1888 ilithibitisha kwamba mwanga hufifisha rangi nyingi za maji, na nili ni mojawapo ya zinazopotea upesi. Anga ambalo Girtin alilipaka kwa nili iliyochanganywa na nyekundu limebaki na nyekundu yake, na nyasi zilizotengenezwa kwa nili na manjano zimegeuka rangi ya majani makavu. Kwa sababu hiyo makumbusho huzionyesha kwa miezi michache katika mwanga hafifu, kisha huzirudisha gizani kwa miaka. Katika chumba cha kusomea cha Makumbusho ya Uingereza huko London mtu yeyote anaweza kuomba siku ya kuziona, akaletewa sanduku mezani. Karatasi ambazo hazikutundikwa ukutani zimebaki na kijani chao, na juu ya kijani hicho, mahali ambapo brashi haikugusa kabisa, bega la farasi bado ni jeupe.